Tulivyopanua mpaka wa eneo la Urithi wa Dunia bila kuanza upya

Ushauri mbaya kuliko wote tuliopewa ni huu: "Chukueni eneo kubwa, Kamati itapunguza yenyewe." Usithubutu. Kila hekta unayoongeza lazima ibebe sehemu ya thamani iliyoliingiza eneo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na sheria ya kuilinda iwepo tayari, si ile inayoahidiwa. Ukizidisha, Kamati ya Urithi wa Dunia inaweza kuamua kuwa mabadiliko si madogo tena, nawe ukarudishwa kwenye pendekezo jipya, jalada zima la nyaraka. Sisi tulitaka njia fupi: ombi la mabadiliko madogo, linalofika kabla ya Februari 1 na, kwa maeneo ya kitamaduni, hukaguliwa na ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa majengo na maeneo ya kale. Tukaipata.

Kilichokula muda na fedha ni mpaka wa zamani. Ramani ya jalada la kwanza ilichorwa kwa kalamu nene, skeli ya 1:50,000. Hapo mstari wa milimita 1 ni meta 50 ardhini. Nyumba na ua wake hupotelea ndani ya wino. Tena koordineti zake ni za mfumo wa upimaji wa zamani. Mtaalamu wa kukodiwa alizibandika moja kwa moja kwenye WGS 84, mfumo wa koordineti unaotumiwa na GPS, mpaka wote ukahama, ukuta wa kale ukaangukia nje!

Dawa yake tuliipata hivi. Tulifunga ramani ile iliyoskaniwa kwenye ramani ya leo kwa pointi zisizohama: pembe za majengo ya mawe, makutano ya kuta, njia panda za zamani. Ufuo, kingo za mito na miti tuliacha, maana husogea. Pointi nne zinairidhisha programu ya ramani lakini zinaficha kosa. Weka nane au zaidi, zitawanye hadi pembeni, kisha chunguza ile yenye mkengeuko mkubwa kuliko wenzake. Baada ya hapo soma maelezo ya maandishi ya jalada. Yakisema mpaka unafuata ukuta, yape uzito kuliko wino.

Omba ufafanuzi wa mpaka wa zamani kwanza, ndipo uombe kuongeza. Bila hivyo, hekta zilizotokana na upimaji bora zitahesabiwa kuwa upanuzi.

Mpaka mpya upitishe kwenye kingo za viwanja na barabara. Ukikata kiwanja katikati, mwenye nyumba atajenga chumba kimoja chini ya masharti mawili, na kesi haitaisha. Ramani ziwe mbili: moja yenye mipaka yote miwili, nyingine yenye mpya pekee. Weka gridi ya koordineti, na jina na ufunguo viwe kwa Kiingereza au Kifaransa. Mipaka ya hifadhi nyingine itofautishe waziwazi, la sivyo msomaji atashika mstari usio wako.

Eneo la kinga, yaani ukanda unaozunguka urithi ili kuulinda, si sehemu ya urithi wenyewe, lakini kuliongeza baadaye hupitia njia hiyo hiyo ya mabadiliko madogo. Usilichore kama duara. Fuata mandhari inayoonekana. Kanisa kuu la Cologne, Ujerumani, liliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya majengo marefu yaliyopangwa karibu nalo, likaondolewa 2006 baada ya mipango hiyo kudhibitiwa. Kwa hiyo kikomo cha urefu wa majengo kiandike kwa meta juu ya usawa wa bahari. Ukiandika ghorofa, mjenzi atainua dari za kila moja, na kilima kitamwongezea kilichobaki.