Lenzi ya Tamron kwenye kamera ya Sony: nilivyofikia uamuzi nikiwa Mtwara

Kwa mpiga picha wa harusi Mtwara, hela inakuja na korosho. Minada ikichangamka na wakulima wakilipwa, ndoa zinafuatana na simu haipumziki. Fedha ya msimu mmoja niliitenga kwa ajili ya lenzi ya kufanyia kazi kila siku kwenye kamera yangu, Sony A7 III. Kilichobaki kilikuwa kuamua: ya Sony yenyewe au ya kampuni nyingine?

Nilibaki na chaguo mbili. Ya kwanza Sony 24-70mm f/2.8 GM (daraja la juu la lenzi za Sony) ya mwaka 2016, ya pili Tamron 28-75mm f/2.8 ya mwaka 2018. Namba za mm zikiwa ndogo lenzi inaona pana, zikiwa kubwa inavuta karibu; f/2.8 ni ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga. Zilipotoka, bei ya Marekani ilikuwa dola 2,199 kwa Sony na dola 799 kwa Tamron. Hata nilipoulizia zilizotumika Dar es Salaam, pengo lilikuwa bado kubwa.

Kaka aliyenifundisha kazi hakutaka kusikia habari ya Tamron. "Mdogo wangu, lenzi ni ya kampuni ya kamera. Hizo nyingine zitakuaibisha ukumbini." Namheshimu sana, na hofu yake haikutoka hewani. Amefanya kazi na DSLR, kamera zenye kioo ndani, miaka mingi. Kwenye DSLR ukichungulia kupitia kioo, fokasi inapimwa na kihisi cha peke yake kilichokaa ndani ya kamera upande wa chini, siyo kile kinachopiga picha. Vipimo vya viwili hivyo vikipishana kidogo tu, hereni ya bibi harusi inatoka kali na jicho linafifia. Juu ya hapo, kampuni nyingi za lenzi zisizo za mwenye kamera zilikuwa zinachunguza zenyewe jinsi kamera inavyowasiliana na lenzi, kwa sababu wenye kamera hawakutoa siri. Ndiyo maana watengenezaji wa lenzi kama Sigma na Tamron walifikia hatua ya kuuza kifaa cha kuunganisha lenzi na kompyuta ili mtu arekebishe fokasi nyumbani kwake.

Kamera zisizo na kioo, kama hii yangu, zimeondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Fokasi inasomwa kwenye kihisi kile kile kinachopiga picha, kwa hiyo hakuna vipimo viwili vya kugombana. Isitoshe, mwaka 2011 Sony walitangaza kuwapa watengenezaji wengine maelezo ya msingi ya maunti yao ya E, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera. Tamron hapo hawabahatishi. Sony wenyewe wana hisa ndani ya Tamron, jambo ambalo wengi hawalijui.

Lakini mwenye Canon ya maunti ya RF, awe Lindi, Masasi au Newala, asichukue hesabu zangu kama zilivyo. Canon walileta maunti hiyo mwaka 2018 wakaifunga, na ruhusa ya leseni kwa lenzi za Sigma na Tamron zenye fokasi ya kujiendesha ilitangazwa mwaka 2024, tena wakianza na zile za kihisi kidogo cha APS-C. Kwa Sony nako mipaka ipo. Kamera zao za mbio, kama A9 na A1, haziendi zaidi ya picha 15 kwa sekunde ukifunga lenzi ya kampuni nyingine. Yangu mwisho wake ni 10, kwa hiyo katazo hilo halikunigusa.

Maelezo ni maelezo, nilitaka kuona. Mwenzangu aliyeshuka kutoka Dar kupiga harusi alikuwa na GM, nami nikaazima Tamron kwa rafiki. Tukakutana ukumbini jioni, mapambo yakiwa yanamaliziwa na taa za rangi zimewashwa, maana huo ndio mwanga tunaofanyia kazi. Nikamwomba dada mmoja wa kamati: "Dada, njoo kwangu taratibu, usiniangalie." Lenzi zote kwenye f/2.8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, kwenye 3200. Nilipozikuza picha kwenye kompyuta, kope zilihesabika kwa zote mbili. Pembeni mwa fremu GM ilikuwa safi zaidi, hilo sibishi. Ila pembeni mwa picha za harusi huwa kuna pazia, maua na viti.

Palipoamua ni kwenye mikono ya bibi harusi. Tamron ikiwa kwenye 28mm inashika fokasi kuanzia sentimita 19 kutoka kwenye kihisi. GM inataka 38. Nilisogea mpaka ua moja la piko kwenye kidole likatawala fremu, na nyufa ndogo za rangi iliyokauka zikaonekana. Ukaribu huo una adha yake, lenzi inaweka kivuli, lazima umgeuze mtu kuelekea dirishani. Lakini hizi ndizo picha ambazo mama wa bibi harusi huziomba kwanza.

Kuna nilichopoteza. Milimita 24 na 28 zinasikika karibu, lakini upana unashuka kutoka nyuzi 84 hadi 75. Kwenye vyumba vyembamba vya nyumba za zamani Mikindani, shangazi na somo wakiwa wamemzunguka mwali, mgongo wangu unagonga ukuta na bado mtu mmoja anakatwa bega. Tamron hii pia haina swichi ya kutoka fokasi ya kamera kwenda ya mkono, inabidi nipitie kwenye kamera. Kwa upande mwingine, gramu 550 dhidi ya 886 ni nafuu ambayo bega linaitambua saa sita ya usiku.

Unyevu wa pwani yetu hauangalii jina. Fangasi inaota ndani ya lenzi ya bei yoyote ikifungiwa kwenye begi lenye jasho na chumvi. Zangu zinalala kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ya kubadilika rangi, ili nijue lini ya kuikausha. Lenzi ikiharibika inapanda basi kwenda kwa fundi Dar, iwe ya nani. Nilijiuliza ipi naweza kuinunua tena ikianguka kesho, na jibu lilikuwa Tamron.

Hata hivyo 85mm f/1.8 nimenunua ya Sony. Hapo pengo la bei lilikuwa dogo, fokasi yake inamfuata mtoto anayekimbia, na ina swichi ninayoitaka. Hiyo na Tamron yangu zote zina mdomo wa milimita 67, kwa hiyo kichujio na kifuniko vinabadilishana.

Kinachofuata ni Tamron 17-28mm f/2.8, gramu 420, nayo ya 67, kwa ajili ya vile vyumba vya Mikindani. Naitafuta iliyotumika. Jamaa yangu wa Kariakoo nimemwambia asilipe chochote kabla hajanipigia kwa video akimulika tochi ya simu kutokea nyuma ya lenzi, nione kioo kimoja baada ya kingine.