Siku moja maishani mwangu: kutafuta mabaki ya dawa ya ukungu kwenye nyanya

Saa 12:30 asubuhi niko soko la Kilombero, Arusha, matenga ya nyanya yanaposhushwa kutoka kwenye malori. Natafuta nyanya za kujaribia kihisi chetu, yaani kipimo cha leza na programu ya kompyuta inayojifunza kutambua mabaki ya dawa ya ukungu. Katika kila tenga ninalonunua huchagua nyanya za juu, za kati na za chini, kisha humwuliza muuzaji shamba lilipo na lini dawa ilipigwa mara ya mwisho. Mama mmoja hunijibu kila mara, "Mwanangu, mimi nachukua kwa dalali, ya shambani kamwulize yeye." Huliandika jibu hilo lilivyo, kwa kuwa tarehe ya kubahatisha ina madhara zaidi kuliko nafasi iliyoachwa wazi. Kuzunguka kikonyo cha nyanya mara nyingi kuna unga mweupe unaoelekea umanjano. Unaweza kuwa mankozebu, dawa inayopigwa sana msimu wa mvua dhidi ya baka jani chelewa, au ukawa vumbi la barabarani. Macho hayawezi kuamua.

Saa 3:00 natayarisha chembe za madini ya fedha. Nachemsha myeyusho wa naitreti ya fedha, naongeza sitrati ya sodiamu, kisha nauacha uchemke kwa takriban saa moja, kwa njia iliyochapishwa na Lee na Meisel mwaka 1982. Kimiminika kilichokuwa angavu hugeuka manjano, halafu kijivu chenye ukijani. Chembe hizo ndogo mno za fedha huongeza kwa kiasi kikubwa mwanga wa Raman (mwanga wa leza uliotawanywa na kubadilika rangi kidogo kulingana na aina ya molekuli) unaotoka kwenye molekuli zilizoshikamana nazo. Kwa kuwa mankozebu haiyeyuki vizuri katika maji, kwanza nadondosha juu ya ganda tone la kemikali ya EDTA lenye alkali, ambalo huondoa manganizi na zinki na kuiacha sehemu yenye salfa ikiwa huru kushika fedha.

Saa 5:00 ni kupima kwa leza ya nanomita 785, nyanya moja baada ya nyingine. Kazi hii haina mengi ya kusimulia.

Saa 8:00 nakaa mbele ya kompyuta, na hapa ndipo kazi inapoweza kuharibika bila mtu kutambua. Ukizichanganya spektra zote, yaani michoro ya mwanga uliopimwa kwenye nyanya, na kuzigawa kibahati, nyanya ile ile itakuwa na vipimo vingine upande wa mafunzo na vingine upande wa mtihani, hivyo programu itaikariri nyanya badala ya kuitambua dawa. Sisi hugawa kwa mashamba: shamba zima huwekwa pembeni hadi mwisho, na alama zinazopatikana hapo, hata zikishuka, ndizo tunazoandika. Makala inayojisifu kwa usahihi wa karibu asilimia 100 bila kueleza mgawanyo wake siipi uzito. Mtego mwingine ni likopini, rangi nyekundu ya nyanya, ambayo huonyesha kilele kikali karibu na 1515 kwenye mhimili wa spektra. Iwapo nyanya zilizopigwa dawa zilivunwa zikiwa mbichi zaidi, programu hujifunza kupima uivaji. Kwa hiyo tunakagua ni sehemu gani za spektra zilizoamua jibu, na modeli (programu iliyokwisha kujifunza) inayoegemea kilele hicho tunaitupa.

Saa 10:00 jioni nyanya zilizobaki zinakwenda kwenye kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima gesi. Hukatwa vipande bila kusagwa, kwa sababu maji yake yenye asidi huanza kuivunja dawa, kisha huchemshwa kwa asidi na kloridi ya bati ili dawa iliyomo itoe gesi ya kaboni disulfidi, ambayo ndiyo hupimwa. Njia hii nayo ina kasoro: haitofautishi mankozebu na thiramu, dawa nyingine ya ukungu, na kabeji au kitunguu huweza kutoa gesi hiyo bila kupigwa dawa yoyote.

Leo tenga moja limetoa majibu mawili: kihisi kinasema nyanya ni safi, kipimo cha gesi kinasema dawa ipo. Nadhani chanzo ni kwamba leza husoma kidoa kidogo sana ubavuni, ilhali dawa hutuama penye kikonyo. Nyanya za tenga hilo zilizohifadhiwa kwenye friji nitazipima kesho sehemu tatu, kikonyoni, ubavuni na kitakoni, kabla sijagusa modeli.