Bledi zilikuwa zinashusha spidi, kumbe ni nafasi tupu

Hatimaye imekaa sawa, naandika ili mwingine asihangaike. Seva za bledi, zile nyembamba zinazochomekwa pamoja kwenye kasha moja (chasisi), za chasisi ya juu kwenye raki, yaani kabati la seva, kila mzigo ukipanda prosesa zinajishusha spidi, feni zinavuma balaa. Nikaongeza ubaridi wa AC, wapi, nikaapdeti femuwea (programu ya ndani ya seva), bado. Nikaja kupima hewa inayoingia mbele ya raki: chini nyuzi 22, juu 31, wakati ASHRAE, chama cha wahandisi wa ubaridi na hewa, wanapendekeza 18 hadi 27. Yaani joto la nyuma lilikuwa linarudi mbele kupitia nafasi tupu. Nikaziba nafasi tupu za raki kwa vifuniko, halafu hata sloti tupu ndani ya chasisi, hapa wengi tunapasahau kabisa, maana hewa hupita penye njia rahisi ikaziacha bledi zenye kazi. Juu ikashuka hadi 24, feni zikatulia, spidi ikarudi.