Unajipima na nani?

Tafakari ya juma. Masomo: 2 Wakorintho 10:12 na Marko 14:12–16

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Mwulize mama anayeuza ndizi pale Kiwira kama yeye ni mpole. Kabla hajafungua kinywa, kichwani mwake ameshamweka mtu kando yake. Mara nyingi ni mwanamke mwenzake: jirani wa meza ya pili, wifi, au mama mkwe. Hajilinganishi na mumewe, wala na dereva wa fuso anayesubiri mzigo. Mwulize swali hilohilo mwanamke wa Paris aliyesoma darasa moja na wanaume na sasa anagombea nao cheo kimoja. Yeye huenda akajilinganisha na mwanamume. Wote wawili wamejibu kweli tupu, ila kila mmoja ametumia mizani yake.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba wanaojipima nafsi zao na nafsi zao "hawana akili". Mstari huu tumezoea kuusikia ukihubiriwa juu ya majivuno. Juma hili tuupeleke mahali ambapo haufiki mara nyingi, kwenye namna mwanamume anavyojiona mwanamume na mwanamke anavyojiona mwanamke.

Mwaka 2001 watafiti Paul Costa, Antonio Terracciano na Robert McCrae walichapisha majibu ya watu zaidi ya 23,000 wa tamaduni 26, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Kwa wastani wanawake walijieleza kuwa na wasiwasi na upole zaidi, wanaume kuwa na uthubutu zaidi. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo. Mwanamke na mwanamke mwenzake walipishana zaidi kuliko kundi la wanawake lilivyopishana na la wanaume. Kilichowashangaza ni mahali tofauti hiyo ilipokuwa pana. Mtu angedhani ni Afrika na Asia, ambako kazi za kike na za kiume zimegawanywa wazi. Ikawa kinyume: ilikuwa pana zaidi Ulaya na Marekani, huku kwetu ikapungua. Mwaka 2008 David Schmitt na wenzake walipima watu 17,637 katika mataifa 55, wakaona mwelekeo uleule.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu. Wengine wanasema palipo na afya na riziki ya kutosha, tabia ya asili hupata nafasi ya kujitokeza. Wengine wanasema kwetu mama akimhudumia mgonjwa usiku kucha, hasemi "nina huruma". Anasema "ni wajibu wangu", basi huruma yake haiingii kwenye karatasi ya maswali. Maelezo ya tatu ndiyo yanayomgusa Paulo moja kwa moja, nayo sisi tunayaona yana nguvu: watu hujilinganisha na aliye karibu. Utafiti wa mwaka 2007 katika Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Marekani na Malaysia ulionyesha hivyo. Palipo na desturi ya wanawake kujipima na wanawake, na wanaume na wanaume, picha za nafsi, yaani namna wanawake na wanaume wanavyojiona, hukaribiana. Wanawake wakianza kujipima na wanaume, na wanaume na wanawake, picha zinaachana.

Hapa wengi huteleza. Picha kukaribiana haina maana kwamba mizigo imekaribiana. Mama mwenye ndoo kichwani, mtoto mgongoni na kuni zinazomsubiri hujiona wa kawaida tu, kwa sababu kila anayekutana naye njiani amebeba vilevile. Na baba anayeacha nusu ya pesa ya mahindi kwenye kilabu cha ulanzi hujiona mwema, maana anamjua aliyeiacha yote. Kipimo cha jirani humficha mmoja uchovu wake, na mwingine dhambi yake.

Nyanda zetu hizi za Juu Kusini zinalijua jambo hili tangu zamani. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi wavulana wa umri wa miaka kama kumi walivyotoka nyumbani kwa wazazi, wakajenga kijiji chao cha rika na kukua humo pamoja. Mkamwana naye alimkwepa baba mkwe, hata njiani. Kijana alijipima na rika lake, kwisha. Na wamisionari wa Moravian waliofungua kituo Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa ambalo kule Herrnhut, Ujerumani, liliwagawa waumini katika makundi ya ndugu wasiooa, dada wasioolewa, wanandoa, wajane na wagane, na likawazika kwa mafungu ya wanaume na ya wanawake. Ukitazama leo umoja wa wanawake wamekaa upande wao na vitenge vyao, usiseme upesi kuwa ni mila ya Kiafrika peke yake.

Mafungu ya kazi nayo hayafanani duniani. Ikombe, karibu na Matema, vyungu hufinyangwa na wanawake wa Kikisi. India, anayeketi kwenye gurudumu la mfinyanzi kwa desturi ni mwanamume. Kule Arizona, Marekani, kwa Wahopi, kabila mojawapo la wenyeji wa asili, kufuma ni kazi ya wanaume kwa desturi. Kwa Wanavajo, jirani zao kabisa, ni ya wanawake.

Soma sasa Marko 14. Yesu anawatuma wanafunzi wawili mjini, na alama anayowapa ni mwanamume aliyebeba mtungi wa maji. Yerusalemu ya Pasaka imefurika watu, lakini alama hiyo inatosha, kwa kuwa kuchota maji kwa kawaida ilikuwa kazi ya wanawake. Bwana hamsifu mtu yule, hamwonei aibu, wala hamgeuzi somo. Anawaambia tu wanafunzi wamfuate hadi kwenye nyumba yenye chumba cha juu.

Kwa ibada ya nyumba kwa nyumba, fanyeni zoezi hili. Linachukua dakika 40 hivi. Kila mtu apewe punje 30 za maharage na karatasi yenye duara sita. Watu 12 wanahitaji punje 360, hivyo nusu kilo inatosha na kubaki. Kila duara ni sifa moja: upole, wasiwasi, huruma, uthubutu, uvumilivu, hasira. Weka kuanzia punje sifuri hadi tano kadiri unavyojiona. Mkimaliza, kila mmoja akumbuke kimyakimya alikuwa anajilinganisha na nani. Kisha rudieni, safari hii mke akijipima na mumewe, kaka na dada yake, na asiye na hao amchukue jirani. Hesabu punje ulizoongeza au kupunguza.

Linaharibika kwa njia zinazojulikana. Wengi hudhani lazima punje ziishe, wakajaza duara ili tu mkono uwe mtupu. Waambiwe mapema kwamba za kubaki ni halali. Neno "mpole" wengine hulisikia kama "mnyonge", na kwa vijana "mkali" ni sifa njema, kwa hiyo elezeni kwa tendo: "nikikosewa, siku hupita bila kujibu vibaya". Mzee mmoja atafsiri kwa Kinyakyusa, Kihehe au Kibena kabla ya kuanza, mara moja kwa wote. Kila mtu akitafsiriwa na wa pembeni yake, kila mmoja atapima maneno yake. Mume na mke wapeane mgongo. Na mchungaji asiweke punje zake wa kwanza, maana duara zote zitafanana na zake.

Hakuna kusoma namba kwa sauti. Anayetaka kusema aseme tu sifa ipi ilisogea, na nani alikuwa kwenye mizani mwanzoni.

Juma lijalo tunasoma Matendo 18:1–3, Akila na Prisila, mume na mke waliokuwa mafundi wa mahema wote wawili. Mwenye Biblia ya lugha ya nyumbani aje nayo.