Simu Yatusahihisha Kiamu Chetu

Nilirudi Lamu kutoka Maskati nikiwa na majibu tayari: mishahara ya huko, joto, bei ya nyumba. Barazani hayo hayakuulizwa. Niliulizwa kama simu za Waarabu nazo hujifanya zajua lugha kuliko wenyewe.

Chanzo ni shangazi yangu. Aliandika kwenye kundi la ukoo "mato yaniuma", kwani macho sisi Waamu twayaita mato. Kibodi ikaona mama wa watu amekosea, ikaweka "mtoto yaniuma". Adhuhuri haijaadhiniwa, jamaa wa Mombasa wameshapiga, wa Malindi wameshapiga, kila mmoja ataka kujua ni mtoto gani na amelazwa wapi. Kitinda mimba wa shangazi ana ndevu.

Watu walicheka, kisha wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe sasa una wiki kadhaa. Pikipiki zilizoingia mjini hazijabishaniwa hivi. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na mtu hawezi kuamka tu akabomoa baraza la nyumba ya mawe. Kibodi imeingia mfukoni bila kumpigia mtu hodi.

Mwalimu mmoja mstaafu aitetea simu. Asema Kiswahili sanifu ndicho kinachotuwezesha kuelewana na mtu wa Kigoma au wa Kisumu, na barua ya kesi ya shamba haiandikwi kila mtu kwa tahajia ya mtaa wake. Hapo ana haki. Lakini kijana fundi wa simu akamuuliza: "Mwalimu, nyanya yangu nikimwandikia, namwandikia kesi?"

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifu, kwa ajili ya shule na vitabu. Kiamu chetu na Kimvita cha Mombasa, vyenye tenzi zao, vikabaki pembeni, na wazee wetu hawajalisahau hilo. Mimi silaumu sana. Kitabu cha shule lazima kiwe na lugha moja. Ila kitabu kilikaa shuleni. Hakikumfuata shangazi jikoni kumpokonya neno kabla hajalimaliza.

Tena tusijidanganye kwamba zamani maandishi yetu yalikuwa yamenyooka. Tenzi za hapa na za kisiwa jirani cha Pate ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zenye alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Herufi ya p hakuna, ya ch hakuna, mpaka uongeze nukta. Mwandishi alimtegemea msomaji ajue lugha kwanza, ndipo asome. Simu ni kinyume chake: yasoma kabla ya kujua.

Nahodha mmoja, mtu wa maneno machache, alituacha tumalize kahawa ndipo akasema simu yake humpa kasi ya upepo kwa kilomita lakini kwake upepo wote ni upepo. Haina kusi, haina kaskazi, haina matlai. Maji nayo huyapima kwa mita. Neno bamvua, maji yajaapo na kupwa sana, halimo, wala maji mafu, yajaapo na kupwa kidogo. Nikadhani ataitupa baharini. Kumbe saa za kujaa na kupwa huzitazama humo humo kila alfajiri, na asema hazijamdanganya. Mwalimu akafurahi kana kwamba amesifiwa yeye.

Aliyetupatia njia ni yule fundi. Simu nyingi zina kamusi ya mwenyewe: waandika neno, walihifadhi, kibodi hailigusi tena. Basi jioni shangazi akaja na simu yake, na wenzake wakaja na zao, na fundi akaanza na mato. Likaingia. Yana, yaani jana, likaingia; ndia, yaani njia, likaingia. Lilipofika neno la mji, mmoja akasema liandikwe "mui", mwingine akaapa ni "muyi". Wa mtaa wa Mkomani wakagawanyika, wa mtaa wa Langoni wakagawanyika, sauti zikapanda mpaka punda aliyefungwa pale akageuza masikio. Wakamgeukia Mwalimu awaamulie. Naye, mtetezi wa sanifu, akavua miwani, akaomba apewe mpaka Ijumaa.