Bosi akikuona tishio: nilivyoishi na meneja wangu hapa Arusha

Leo Jumapili niko nyumbani Moshono, mvua imekata, mtori uko jikoni, nikasema ngoja niandike hili maana juzi kwenye daladala dada mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi aliniuliza "hivi wewe unawezaje kukaa na yule bosi mpaka leo?" na nikafika kituo changu nikashuka sijamjibu.

Mimi niko rizavesheni, yaani kitengo cha kuwawekea wageni nafasi, kwenye kampuni moja ya utalii hapa mjini. Napokea maombi ya maejenti, napiga kotesheni za bei ya safari, nabuku loji, nahakikisha kontroo namba za malipo ya hifadhi zimelipwa kabla gari halijatoka. Bosi ninayemzungumzia sio mwenye kampuni, ni meneja wa oparesheni, mwanaume wa makamo ambaye kabla ya kukaa ofisini alikuwa dereva wa kuongoza watalii kwa miaka mingi sana, na hilo la udereva naomba ulishike maana mimi mwenyewe nilichelewa kulishika.

Miezi ya mwanzo tulielewana vizuri tu. Ananiita dada, ananiletea ndizi kutoka shambani kwake. Kilichobadilisha mambo kilitokea kwenye kikao cha Jumatatu, mwezi wa sita, mkurugenzi yupo, madereva wapo, mhasibu yupo. Bosi akasoma itinerari, yaani ratiba ya safari, ya wageni sita, wanaingia Serengeti kupitia geti la Naabi saa tano asubuhi, wanalala Seronera siku mbili, siku ya kutoka wapate lanchi kwanza ndo waanze safari ya kurudi Ngorongoro. Mimi nikanyoosha mkono nikasema hapo hapo, bosi hiyo haiwezekani, kibali kinahesabiwa masaa 24 tangu walipoingia getini kwahiyo wakichelewa kutoka Naabi tunalipa siku nyingine nzima kwa vichwa vyote sita, tena kwa dola. Nilikuwa sahihi. Mkurugenzi akasema "mmeona, huyu binti yuko makini", madereva wakacheka kidogo, na bosi akainamisha uso akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nikatoka pale nimefurahi, nimesifiwa na mkurugenzi.

Kuanzia wiki ile nikawa adui. Nikatolewa kwenye imeili za ejenti wa Ujerumani ambaye nilikuwa namhudumia mimi tangu mwanzo. Nikipiga simu loji anasimama nyuma yangu mpaka nimalize. Saa nne usiku simu inaita, "ile vocha ya loji umetuma?", nilishatuma tangu saa nane mchana na yeye mwenyewe nilimkopi. Mtu mwingine akinisifia anabadilisha mada. Nikaja kusikia kwa madereva kwamba anasema nataka kuwaiba maejenti nikafungue kampuni yangu, mimi ambaye hata kiwanja sijamaliza kulipia. Ilifika mahali nikifika pale mnara wa saa asubuhi tumbo linaanza kukata na sijala kitu kibaya.

Sasa kosa nililofanya, na nimeona wengi wanalifanya, nilidhani nikichapa kazi zaidi ataniamini. Nikawa nabaki ofisini mpaka saa mbili usiku, najibu wageni siku hiyo hiyo, nikatengeneza mpaka jedwali jipya la bei za loji ambalo hakuna aliyeniomba. Na kila nilipofanya vizuri alizidi kuwa mkali!! Nilikuwa sielewi kabisa, yaani nilikuwa namwagia moto mafuta ya taa nikiamini ni maji.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja dereva, watu wote pale wanamwamkia shikamoo hata mkurugenzi. Tulikuwa tumekaa nje tunasubiri gari linafungwa tenti akaniuliza "mwanangu, umeshawahi kumuona bosi wako anafungua ule mfumo wa buking mwenyewe?" Nikafikiria. Sijawahi. Kila siku anasema "niprintie", "nisomee hapo", "macho yananisumbua". Mzee akaniambia huyu alipanda kwa sababu analijua pori kuliko mtu yeyote, alafu kampuni ikaleta kompyuta, ikaleta malipo ya mtandaoni, ikaleta vijana kama nyie, na hakuna hata siku moja mtu alimkalisha chini akamfundisha. "Anaogopa siku mkurugenzi atagundua kwamba ofisi inatembea bila yeye."

Kwa kweli nililia siku ile nikiwa narudi nyumbani. Sio kwamba alichonifanyia kilikuwa halali, hapana, sikubali hata leo. Ila kwa mara ya kwanza nilimuona kama mtu aliyeshikwa na hofu, na mtu mwenye hofu unaongea naye tofauti na mtu mwenye roho mbaya.

Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni kumwahi. Hofu yake kubwa ilikuwa kushtukizwa, mkurugenzi amuulize kitu asijue. Kwahiyo kila asubuhi saa moja na nusu, kabla hajafika ofisini, namtumia meseji fupi ya wasap: wageni wanaoingia uwanja wa ndege wa KIA leo, kipi kimelipwa, kipi bado, wapi kuna tatizo. Mistari mitano basi. Wiki ya kwanza hakujibu kitu. Wiki ya tatu akaanza kujibu "sawa". Simu za saa nne usiku zikapungua zenyewe, sikumwomba azipunguze.

Nikaacha pia kumsahihisha mbele za watu. Nikiona kosa naenda mezani kwake kabla ya kikao, nasema bosi hapa naona muda wa Naabi utatubana, tufanyeje? Anarekebisha mwenyewe, kwenye kikao anasoma kilicho sahihi. Kuna rafiki yangu aliniambia hiyo ni kujipendekeza. Sikubaliani naye. Kosa likirekebishwa mgeni hapotezi hela na gari halikwami, sasa mimi kunyamaza kwenye kikao kumenipunguzia nini?

Na nikaanza kumuuliza vitu ambavyo kweli sivijui. Hapa sikuigiza. Mimi naijua Ndutu, kule kusini mwa Serengeti, kwenye karatasi, najua nyumbu wanazaa kule kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, lakini ukiniuliza mvua ikipiga siku mbili gari linapita wapi ule udongo mweusi usiwameze sina jibu, yeye analo. Ukimuuliza mwezi wa nane uwapeleke wageni Kogatende kaskazini au uwabakize Seronera katikati atakaa nusu saa anakueleza, uso umebadilika kabisa, anachora ramani nyuma ya vocha. Kotesheni zangu zimekuwa bora kwa sababu yake na nilimwambia hivyo, mbele ya mkurugenzi, kwa sababu ni kweli.

Ila sasa naomba niseme na upande wa pili maana watu wakishaambiwa "muelewe bosi wako" wanakuwa mikeka ya kufutia miguu. Kuna mipaka, na mimi yangu niliiweka kwenye maandishi.

Maagizo yote aliyonipa kwa mdomo niliyageuza meseji. "Bosi nathibitisha tulivyoongea, nikanseli vyumba viwili vya tarehe 14 Karatu." Kwa heshima, bila neno la kejeli. Ilikuja kunisaidia, maana vyumba hivyo hivyo baadaye vilihitajika, wageni wakafika hakuna nafasi, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo. Nilitetemeka mikono. Sikupiga kelele, sikugoma kusaini, niliandika juu ya sahihi yangu "nimepokea, sikubaliani na yaliyomo, maelezo yangu nimeambatanisha" nikaambatanisha ile meseji na saa niliyoituma, nakala moja nikabaki nayo nyumbani. Kusaini kwamba umepokea sio kukubali kosa, hilo watu wengi hawalijui, wanasaini kimya au wanachana barua kwa hasira. Ile onyo ilifutwa baada ya siku nne. Hakuniomba msamaha na sikumdai.

La likizo pia. Alininyima Desemba, hapo nilimuelewa, wageni ni wengi na hata mimi ningekuwa meneja ningesita, japokuwa Mchaga kukosa kwenda Marangu Krismasi inauma jamani, mama alikuwa ananisubiri getini. Lakini aliponinyima na mwezi wa nne, mvua za masika, ofisi imelala, magari yote yako gereji, pale nikakataa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka yenye malipo. Mwajiri anaweza kupanga ni lini, ila hawezi kuisukuma zaidi ya miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo kuisha, labda wewe mwenyewe ukubali iongezwe. Niliandika barua ya aya moja nikataja sheria, nikampa yeye kwanza, nakala kwa mkurugenzi. Nikapata siku zangu zote. Na ndugu yangu kama ikifika wakakufukuza kwa uonevu usikae nyumbani miezi mitatu unalia, ukitaka kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, una siku 30 tu tangu kuachishwa, zikipita unaanza kuomba kusikilizwa nje ya muda na ni usumbufu mtupu.

Mwezi uliopita jioni, wote wameondoka, alinifuata mezani. Alisimama kidogo. Akasema, "Dada, huu mfumo, hapa mtu akitaka kuona magari yaliyo porini anabonyeza wapi?" Nikavuta kiti cha pili. Tulikaa mpaka saa moja, hakuna aliyezungumzia barua ya onyo wala kikao cha Naabi, nilimuonyesha yeye akaandika hatua kwenye daftari lile lile. Kesho yake aliingia mwenyewe, akakosea password mara mbili, mara ya tatu ikafunguka.

Ejenti wa Ujerumani bosi hajanirudishia bado. Kwenye kikao cha juzi alisema tena "vijana wa siku hizi wanajifanya wanajua" akiniangalia mimi, na tumbo likakata kama zamani. Maombi ya kazi kwenye kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani huko Moshi nimeshatuma, nasubiri waniite. Kesho kuna wageni nane wanashuka KIA saa mbili usiku, wanne kati yao malipo ya Tarangire bado hayajatoka, na hilo nitamwandikia saa moja na nusu asubuhi.