Chupa ya maji iliyonichagulia Crown

Kila niliyemwambia natafuta Toyota, Crown au Mark X, alinijibu vilevile: "Hilo gari la Mjapani, angalia bodi, washa, lipa." Ushauri huu unaniudhi mpaka leo, maana nusura uniingize mkenge.

La kwanza lilikuwa Mark X nyeupe ya 2006, yadi moja ya Kinondoni, Dar es Salaam. Nilifika saa nne asubuhi, nikakuta injini inanguruma na AC imeshapoza viti. Dalali akanizungusha kwenye lami mpaka kituo cha Morocco na kurudi. Gari lilikuwa linateleza tu. Nikatoa laki mbili za kulishika. Usiku usingizi ukakataa: mbona nililikuta limeshawashwa?

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu nilikuwa getini, mlinzi bado anafagia. Nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi kabisa. Dalali alipofika nikamwambia, "Kaka, leo nawasha mwenyewe." Tukafungua boneti, nikasimamisha chupa ya maji ya nusu lita juu ya kifuniko cha injini, maji yakiwa nusu. Nikawasha. Maji yalirukaruka yakagonga ubavu wa chupa, sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda inashuka, gari zima linatikisika. Dakika kama kumi baadaye injini ikapata moto, maji yakatulia tuli, kama hakuna kilichotokea.

Fundi wangu akanieleza. Injini ile, 4GR ya ukubwa wa cc 2,500, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha, masizi yanagandamana pale na injini ikiwa ya baridi inamisi, yaani inakosa kuwaka sawasawa. Ikishapata moto, ugonjwa unajificha. Laki mbili zangu zilirudi pungufu, tena baada ya maneno mengi.

Injini hiyohiyo imo kwenye Crown nyingi za 2003 hadi 2008, kwa hiyo chupa niliendelea kutembea nayo. Ila nikaongeza jambo: barabara nachagua mimi, na abiria ni wangu. Sedani kubwa ukiiendesha peke yako haikwambii kitu. Nilimpakia mama na wadogo zangu wawili wenye miili, tukapanda vilima vya Goba, tukamalizia kwenye njia ya vumbi ya nyumbani. Mark X ya pili ilikwangua tumbo kwenye tuta la tatu. Crown Athlete ilikuwa na nguvu za kutisha, lakini bushi za miguu ya mbele ziligonga kwenye kila shimo, na mama alishikilia mpini wa juu ya mlango safari nzima.

Ya mwisho ilikuwa Crown Royal Saloon, rangi yake hata sikuipenda. Chupa ilitulia tangu injini inawaka. Kwenye mashimo sikusikia mlio. Niliachia usukani kidogo kwenye lami tupu, gari halikuvuta upande. Tulipofika, mama, ambaye magoti yanamsumbua miaka mingi, alifungua mlango akashuka kabla sijazunguka kumshika mkono.

"Hili, mwanangu," akasema.

Tulimalizana kwa milioni 15 na ushee, kadi nikabadilisha wiki hiyohiyo. Chupa iko kwenye buti. Jirani ameshaiazima mara mbili.